Saa ya Jumatano, mduara wa Ijumaa: mwongozo kwa wauguzi wa vituo vya shehia Pemba

Nina mikoba saba ya semina. Imetundikwa nyuma ya mlango wa chumba changu; mmoja umekatika kipini, mwengine mama huchukulia viazi vitamu akitoka shamba. Kila mkoba una siku tano za ukumbini ndani yake: kalamu, daftari, maji ya chupa, posho, cheti. Sisemi semina hazifai. Lakini miezi minne baada ya mkoba wa tatu alizaliwa mtoto mikononi mwangu, hakulia, nami nikaanza kuutafuta mfuko wa kumpulizia hewa katika kabati ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa mtu wa zamu nyengine. Mkunga wetu mkubwa hakuuliza ufunguo. Alivunja kioo kwa kisigino cha kiatu. Mtoto alipona. Cheti changu kilikuwa ukutani, kimetiwa fremu.

Wiki ile ile tukaanza kukaa pamoja kila Jumatano na kufunzana wenyewe kwa wenyewe. Baadaye saa hiyo ikazaa jambo ambalo hatukulipanga: mduara wa watoto kila Ijumaa jioni, chini ya mwembe wa kituo. Watu huniuliza vipi nachanganya mafunzo ya wauguzi na malezi ya watoto wa watu. Nimeyaandika pamoja kwa kuwa yote mawili yamenionesha kitu kimoja: anayefunza ni yule anayerudi. Siku ile ile, saa ile ile, wiki baada ya wiki. Yanayofuata ni namna ya kurudi.

Kuiweka saa

Anza kwa dhamana wa kituo, hata kama wewe ndiye mkubwa kwa umri. Mwambie unataka dakika 45 kwa wiki, ndani ya saa za kazi, bila posho. Hilo la posho liseme mapema na waziwazi, maana mafunzo yaliyoanza kwa soda na sambusa hufa siku fedha ya soda inapokwisha.

Saa yenyewe ichague kwa kutazama kituo kinavyojaa. Kwetu asubuhi haigusiki: kliniki ya watoto, wajawazito, chanjo. Saa 7 na nusu mchana, watu wameshasali adhuhuri na foleni imepungua, ndipo tulipopata upenyo. Kituo kilicho pwani kitazame na maji pia. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kina mama wako kwenye mwani tangu asubuhi na mabenchi huwa matupu. Maji mafu yakiingia, wote huja kwa pamoja. Mtu mmoja hubaki mlangoni kupokea wagonjwa, na kila wiki huwa mwengine. Akifika mgonjwa mahututi saa inavunjika, hapana mjadala.

Mkiwa wawili tu kituoni, kaeni wawili. Nimeona vituo vikingoja watimie watu kumi, na kumi hawakutimia.

Kwa wiki nane za mwanzo usiisogeze siku hata mara moja. Akija mgeni kutoka wilayani Jumatano hiyo, mkaribishe kitini akae nanyi. Wageni wengi hufurahi kuliko unavyodhani.

Mada itoke kwenye rejesta

Usianze kwa kupekua simu. Fungua rejesta ya wiki mbili zilizopita, kisha jiulizeni maswali matatu.

La kwanza: ni kitu gani tunakiona kila siku mpaka tumeacha kukiona? Sisi tulianza na pumzi. Mtoto mwenye kikohozi huhesabiwa pumzi dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifika 50 anapumua haraka, mwenye mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kila muuguzi anazijua nambari hizi. Basi tukamchukua mtoto mmoja, kwa ruhusa ya mama yake, amelala kifuani kwake, tukamhesabu watu watano kwa wakati mmoja, kila mtu akaandika jibu lake bila kusema. Majibu yalipowekwa mezani, hakuna mawili yaliyofanana, na mmoja wetu angempa mtoto yule dawa ya nimonia ambayo hakuihitaji. Aliyekosea zaidi alikuwa mimi: nilihesabu nusu dakika nikazidisha kwa mbili.

La pili: ni kitu gani hatukioni, lakini kikija kinaua? Hapa Zanzibar jibu letu ni malaria kali. Kwa miaka mingi maambukizo yamekuwa chini ya asilimia 1, jambo la kushukuru, na ndilo lililotusahaulisha. Kuna wauguzi vijana, hodari kabisa, ambao hawajawahi kumuona mtoto anayetukutika kwa malaria. Mkono usiopata mgonjwa lazima upate zoezi. Tulichukua vikopo vitupu vya dawa tukafanya hesabu ya sindano ya artesuneti: mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, wa kilo 20 na kuendelea miligramu 2.4, mara anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Rahisi kwenye karatasi. Jaribu kuikokotoa huku mwenzako amesimama nyuma yako akilia kama mama wa mtoto, uone.

La tatu: ni kitu gani kimebadilika tangu tumalize chuo? Wengi wetu tulisomeshwa kwamba mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida ahesabiwe anatoka damu nyingi anapofika mililita 500. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliohusisha zaidi ya wanawake 200,000 katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu: damu ikikingwa kwenye shuka la plastiki lenye alama za kipimo, na matibabu yote yakitolewa kwa mpigo badala ya kimoja baada ya chengine, madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likasema usingoje 500: zikifika 300, na mapigo ya moyo au presha ya mama imeshaharibika, anza. Unaofuatwa kituoni ni mwongozo wa Wizara, na huo ndio wa kubandikwa ukutani. Lakini muuguzi asiyejua kwamba mjadala umesogea hata kuuliza hatauliza.

Zoezi la mada hiyo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua kanga kuukuu, beseni, na maji yaliyotiwa rangi nyekundu. Wote watoke nje isipokuwa mmoja. Aliyebaki ndani apime na kumwaga kiasi anachokijua mwenyewe, hapa nusu lita, pale lita nzima, nyengine ilowe kwenye kanga. Waite waingie wakadirie. Karibu kila mtu hutaja kidogo kuliko kilichomwagwa. Damu iliyolowa nguoni hudanganya macho ya mzoefu na ya mgeni sawasawa.

Dakika zenyewe

Dakika 5 za mwanzo ni za kukumbuka. Mwenye zamu ya kuongoza aulize swali moja la wiki iliyopita na moja la mwezi uliopita, na kila mtu ajibu bila kufungua daftari. Watu hulinung'unikia hili, usiliache. Tangu mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha matokeo ya kujipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, imejulikana kwamba tulichojifunza leo huanza kutuponyoka ndani ya siku hizo hizo, na kwamba kukirudia kwa vipindi ndiko kunakokishika. Ndiyo sababu ya mikoba yangu saba kuwa mitupu.

Dakika 10 ni za kisa kutoka rejesta, bila jina la mgonjwa wala mtaa wake. Hapa kwetu ukisema tu "mke wa mwenye duka jipya" umeshataja jina.

Dakika 20 au zaidi ni za mikono. Usiruhusu zigeuke mazungumzo. Zoezi la mtoto asiyelia mlifanye kwa mwanasesere wa kanga aliyejazwa mchanga awe na uzito wa kilo tatu, na mlifanyie pale pale pa kuzalishia, kwa kabati lile lile na ufunguo ule ule. Mfuteni, mchangamsheni, asipopumua, pumzi ya kwanza ya mfuko iingie kabla dakika moja haijatimia tangu azaliwe, kisha kiasi cha pumzi 40 kwa dakika huku mkikitazama kifua kama kinapanda. Mwenye saa asiseme chochote mpaka mwisho. Mara ya kwanza tulitumia dakika mbili na sekunde kadhaa, na nyingi zilipotelea kabatini. Hatukuwa na upungufu wa elimu. Tulikuwa na kufuli. Siku ya pili mfuko ukahamia kwenye msumari juu ya meza, na mpaka leo haujafungiwa.

Zilizobaki ni za kugawana kazi: nani atafanya nini kabla ya Jumatano ijayo. Iandikwe.

Kuhusu nani aseme kwanza, nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu hawaupendi. Aanze mdogo, amalize mkubwa. Akianza mkubwa, wadogo wote watasema "kama alivyosema Bi Mkubwa" na hutajua wanachokijua. Heshima haipungui kwa kusubiri. Mkunga wetu aliyevunja kioo husema mwisho kila wiki, na watu humsikiliza zaidi kwa sababu hiyo.

Kosa likitokea

Hapa ndipo saa nyingi za kujifunza zinapokufa. Kosa likitajwa vibaya linakuwa fitina, lisipotajwa linakuwa muhali, na vyote viwili vinaua wagonjwa. Kanuni yetu ni kwamba kosa analitaja aliyelifanya, si mwengine, na wenzake wanaruhusiwa maswali ya namna moja tu: ulikuwa na nini mkononi, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, kabati lilikuwaje. "Kwa nini hukufanya" hairuhusiwi mezani. Kwa miezi mitatu hakuna aliyefungua kinywa. Nilianza mimi, kwa habari ya kabati, nayo ilinigharimu usingizi wa usiku mmoja.

Kosa lenye madhara kwa mgonjwa lina njia yake rasmi ya kuripotiwa na mgonjwa ana haki yake; Jumatano haiichukui nafasi hiyo.

Wekeni daftari moja lenye tarehe, mada, waliohudhuria na sahihi zao. Litakufaa siku ya kuhuisha leseni, na litakufaa zaidi siku utakapotaka kumuomba dhamana wa wilaya kifaa: ukimwonesha mazoezi kumi mliyoyafanya kwa mwanasesere wa mchanga, haoni haya kukutafutia wa kweli. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kukumbushana siku. Picha za wagonjwa, vidonda na kadi haziingii humo kabisa.

Mtoto aliyembeba mdogo wake

Kisa kilichotutoa kwenye Jumatano kikatuingiza Ijumaa kililetwa na muuguzi mdogo kuliko wote. Mtoto wa miaka kama tisa alikuja peke yake, amembeba mdogo wake mgongoni, kadi ya kliniki ameikunja ndani ya kiganja. Mmoja wetu alimfokea: mama yako yuko wapi? Mama alikuwa pwani, baba hayupo, bibi haoni vizuri. Mtoto alisimama akatazama sakafu, na mwezi uliofuata hakuja. Tulijadili pumzi na uzito wa yule mdogo kwa nusu saa kabla mtu hajauliza habari za aliyembeba.

Karatasi za miradi huwaita watoto waishio katika mazingira magumu. Sisi tuliwajua kwa sura: waokotaji wa karafuu chini ya mikarafuu ya watu, wauza ndizi gatini, wanaolala kwa jirani kwa zamu. Wana adabu zao, na nyingi ni za hali ya juu. Mtoto anayemlisha mdogo wake kabla ya kula yeye hahitaji hotuba yangu juu ya huruma. Wanachokikosa mara nyingi ni mtu mzima ambaye neno lake linasimama.

Kuna jaribio ambalo wengi wamelisikia nusu: mtoto huwekewa peremende na kuambiwa akisubiri atapata mbili, na anayesubiri husifiwa kuwa na subira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha mwaka 2013 jaribio lao kwa watoto wadogo 28. Kabla ya peremende, nusu ya watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea na wakaletewa. Nusu nyengine wakaahidiwa, kisha mtu mzima akarudi mikono mitupu na kuomba radhi. Waliotimiziwa walisubiri wastani wa dakika 12 hivi. Waliodanganywa, dakika 3. Kwa hiyo unapomuona mtoto anayepora andazi kabla ya kugaiwa, usiharakishe kumwita mroho. Huenda anafanya hesabu sahihi kwa maisha aliyoyaona.

Na kwa anayetaka kuanza na mihadhara ya maadili: mwaka 2010 ilitoka tathmini kubwa ya programu saba za malezi ya tabia katika skuli za msingi za Marekani, zenye vitabu na walimu waliofunzwa. Kwa jumla hazikuonesha kuwabadilisha watoto. Hilo lilinipunguzia mzigo. Sina vitabu wala bajeti, ila Ijumaa ninayo.

Milango ya kubisha kabla ya mtoto wa kwanza

Bisha hodi kwa sheha, na uende na mwenzako. Kisha kwa maalim wa chuo cha Kurani, kabla hata ya mwalimu mkuu wa skuli, kwa sababu mbili: ndiye anayezijua nyumba, na usipomwambia ataona unamchukulia wanafunzi. Vyuo vingi vya Kurani hupumzika Alhamisi jioni na Ijumaa, na maalim wetu ndiye aliyetuambia tuchukue Ijumaa baada ya alasiri. Alitupa na neno: tusilete kitu cha kuwafanya watoto wachague baina yetu na chuo.

Halafu kamati ya afya ya kituo, na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, ili wajue mpo kabla ya siku mtakayowahitaji. Jina na namba ya afisa huyo ziandikwe kwenye jalada la daftari.

Watu wazima wawe wawili kila mara, mmoja awe mwanamke. Pawe mahali pa wazi panapoonekana na wapita njia. Hakuna mtoto anayechukuliwa nyumbani kwa mtu, kutumwa dukani na mkubwa wa mduara, wala kubaki nyuma peke yake na mtu mzima. Na hakuna bakora. Hili mzee mmoja aliniona nimepotea nalo. Nilimjibu kwamba bakora wanazo kwengine; Zanzibar ina Sheria ya Mtoto tangu 2011, na mimi ni muuguzi, sitaki kuwafunga majeraha niliyoyatia mwenyewe.

Usiwaite mayatima peke yao. Ukisema "mduara wa mayatima" umewapaka rangi mbele ya wenzao. Waite watoto wa mtaa wote, wasizidi ishirini, na hakikisha tu kwamba wale uliowakusudia wamepata habari kwanza. Sisi tuliwapa wao kazi ya kuwaalika wengine.

Ijumaa kumi za mwanzo

Ijumaa ya kwanza na ya pili usifundishe chochote. Fika kabla yao, tandika mkeka, piga kengele saa 10 na robo, chezeni nage au mdako, maliza saa 11 na nusu ili kila mtu afike kwao kabla ya magharibi. Sema mara moja tu: "Ijumaa ijayo nitakuwa hapa." Kisha uwepo.

Kuanzia ya tatu ingiza zamu. Kila wiki mtoto mmoja anapiga kengele, mmoja anagawa maji, mmoja anakwenda nyumbani na mpira na kuurudisha wiki ijayo. Mpira wetu ni wa matambara yaliyofungwa kwa kamba. Hauna thamani dukani, ndio maana unafaa: kinachopimwa ni neno.

Wiki ya sita mpira haukurudi, wala aliyeuchukua. Wenzake walishasema mwizi. Tulicheza mchezo mwengine, na jina lake halikujadiliwa. Ijumaa iliyofuata alisimama mbali, nyuma ya tangi la maji, mkononi ana mpira wa majani makavu ya migomba alioufunga mwenyewe. Ule wa kwanza ulitumbukia kisimani. Nilimuuliza mbele ya wote, "Ulikuwa unaogopa nini?" Akasema alidhani ameshafukuzwa. Hapo ndipo tulipozungumza, kwa mara ya kwanza, tofauti ya kupoteza na kuiba, na nini cha kufanya mtu akipoteza kitu cha watu. Mazungumzo yale walikuwa wakiyahitaji wenyewe. Ningeyaleta wiki ya kwanza wangepiga miayo.

Hadithi ziwe baada ya mchezo, miili ikiwa imechoka. Paukwa! Pakawa! Usichague hadithi zenye mtoto mwema anayepewa zawadi mwishoni; wanajua ilivyo duniani. Chagua za Sungura na za Abunuwasi, mjanja anayeshinda kwa kudanganya, kisha uliza: nani aliumia humu? Ungekuwa Fisi ungesemaje? Kaa kimya. Ubishi utakaotoka hapo una thamani kuliko mafunzo unayoyaficha mwishoni mwa hadithi. Bi Swafiya Said, aliyeanzisha Mombasa katika miaka ya 1980 skuli za awali zilizoungana na madrasa, mpango uliofika Zanzibar mwaka 1990, aliwafunza walimu watengeneze vifaa kwa vitu vya pale pale: vifuu, mbegu, makuti. Sisi nasi tunahesabu kura za nani yuko upande wa Fisi kwa kokwa na visoda.

Wanapogombana, watenganishe, wape maji, ngoja. Aliyekosa aulizwe atarekebisha nini, siyo atasema nini. "Samahani" ya kulazimishwa ni sauti tu. Mmoja alimchania mwenzake shati. Alikaa pembeni na sindano yangu ya nguo akalishona, vibaya sana, na mwenye shati akalivaa kwa fahari.

Zawadi na picha: nakataa zote mbili kwa kadiri niwezavyo. Mfadhili akija na nguo za Sikukuu, zipitie kwa sheha na zifike majumbani usiku, kimya kimya. Mtoto hapaswi kulipia gauni kwa sura yake kwenye simu ya mtu.

Mtoto akikwambia jambo zito

Litakuja, na huja wakati wa kukunja mkeka. Msikilize bila kumkatiza, bila kushtuka usoni. Usimuahidi kuwa hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia mtu wa kusaidia, na utamjulisha ni nani. Usimhoji kwa urefu, maana atahojiwa tena na wanaohusika na kila kuhojiwa ni jeraha. Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa.

Siku hiyo hiyo mpigie afisa wa ustawi wa jamii. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Kama ni udhalilishaji, kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini na Dawati la Jinsia na Watoto polisi ndiyo njia, na usimuoshe wala kumbadilisha nguo kabla hajaonwa. Watu watakujia na muhali: ni ndugu, ni jirani, tutasuluhisha wenyewe. Wape chai. Ripoti iwe imeshakwenda.

Kesi hizi zirudi Jumatano pia, bila jina, kwa ajili yenu wenyewe. Baada ya kesi yetu ya kwanza muuguzi mmoja alikaa wiki mbili hazungumzi na mumewe.

Mvua, karafuu, Ramadhani, uhamisho

Mvua za masika: mduara unahamia barazani, hauvunjwi. Msimu wa karafuu: watoto watapungua. Usiwaseme wanaokosa, tuma salamu kwa wanaokuja. Huo pia ndio wakati wa kurudia Jumatano zoezi la mtu aliyeanguka mkarafuuni: namna ya kumgeuza bila kumpinda shingo, na kibao cha kufungia mguu kikiwa tayari. Ramadhani punguzeni muda, saa isogee, siku ibaki.

Mimi niliivunja mara moja. Niliahidi tiara Ijumaa ijayo, nikabadilishana zamu na mwenzangu nikaenda harusini Unguja, sikumtuma mtu. Walikuja kumi na tano, nikaambiwa, na karatasi zao. Wiki iliyofuata walikuja sita. Ilichukua miezi miwili wengine kurudi, na wawili hawakurudi mpaka leo. Sasa tuna mtu wa akiba kwa kila Ijumaa, jina lake limeandikwa ukutani pembeni mwa langu.

Uhamisho nao utakuja, ni serikalini. Ukipata barua, waambie watoto wiki ile ile, wasisikie gatini. Wiki ya mwisho mkabidhi mwenzako mbele yao daftari, kengele na mpira, na mtoto wa zamu ndiye aupokee mpira kutoka mkononi mwake, siyo mwako. Watakuuliza utakuja lini kuwatembelea. Kama tarehe unaijua, itaje. Kama huijui, sema huijui.